Wastani wa Mto

Naanza kwa kukiri kosa. Nilipokuwa mwalimu mkuu, alikuja mkaguzi wa shule akaomba matokeo ya hesabu ya darasa la saba. Nikampa wastani: 52 kwa mia. Akaandika, akanywa chai, akaenda zake. Sikumwambia kwamba wastani ule ulibebwa na watoto saba hodari, na kwamba nyuma ya darasa walikuwako 14 waliopata chini ya 20. Sikusema uongo. Lakini wale 14 hawakupata msaada wowote mwaka ule, maana katika karatasi ya mkaguzi hawakuwako.

Kosa langu lile naliona katika tathmini za mazingira zinazofanywa kabla ya kujenga mabwawa yetu, na mara nyingine baada ya kuanza kuyajenga. Wataalamu huja na vitabu vinene. Ndani yake mto hupewa wastani wake wa mwaka, hutolewa kiasi kitakachochukuliwa na bwawa, na kinachobaki huonekana kikubwa. Basi inasemwa kwamba athari ni ndogo.

Chukua Ruaha Mkuu. Wakati wa masika mto huu hufurika mpaka bonde la Usangu likawa kama bahari. Ukija Oktoba, utaukuta ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ni mchanga mtupu na madimbwi, viboko wamebanana matopeni. Hali hiyo ilianza kuonekana mwaka 1993. Mwaka 2001 Serikali iliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika, ukapita, na mto ukaendelea kukauka. Kiboko hanywi wastani. Wala mama anayefukua mchanga kutafuta maji ya kupikia hajazi ndoo yake kwa maji yaliyopita Machi.

Umeme ulipopungua, lawama zilimwangukia mkulima wa mpunga na mfugaji wa Usangu, kwamba wao ndio wanaomaliza maji ya Mtera. Sisemi hawana sehemu yao. Mifereji iliongezeka kweli, na mingine huacha maji yamwagike ovyo usiku kucha. Lakini bwawa lenyewe nalo hunywa. Mtera likijaa hutandaa takriban kilomita za mraba 600. Mtoto wa darasa la sita anaweza kupiga hesabu hii ubaoni: kila mita moja ya maji inayopaa kwa jua juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 600. Na jua la Mtera haliishii kwenye mita moja kwa mwaka. Mbona hatukusikia bwawa likifukuzwa bondeni?

Ndiyo maana nasema tathmini ya kweli lazima itenganishe mambo matatu ambayo hupenda kuchanganywa. Kuna maji yanayocheleweshwa, yaani yanayofungiwa masika na kuachiliwa baadaye. Kuna yanayochepushwa, yakaondolewa sehemu moja ya mto na kurudishwa chini zaidi. Na kuna yanayopotea kabisa, ama angani ama kwenye mpunga, yasirudi mtoni tena. Mtu akikwambia mashine za umeme hazili maji, anasema kweli, lakini amekuachia robo ya habari.

Kihansi inatufundisha juu ya yale yanayochepushwa. Bwawa lile la umeme wa megawati 180 liliyaingiza maji kwenye mahandaki, na maporomoko yakabakiwa na takriban sehemu moja katika kumi. Chini ya maporomoko, kwenye hekta chache zinazoloweshwa na manyunyu, aliishi chura mdogo wa manjano asiyetaga mayai bali huzaa vitoto kamili. Aligunduliwa mwaka 1996, kazi ya ujenzi ikiwa imekwishaanza! Ikabidi vyura karibu 500 wapelekwe Marekani mwaka 2000, na mabomba ya kunyunyiza maji yatandazwe korongoni. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Watu wengi walicheka: umeme au chura? Mimi sikucheka. Niliona kwamba hakuna aliyeshuka korongoni kutazama kabla ya kukata mwamba. Safari hiyo aliyekuwa chini alikuwa chura.

Nisieleweke vibaya. Nimesahihisha madaftari kwa kandili miaka mingi, macho yangu ni ushahidi. Sipingi mabwawa. Hata mpango wa siku nyingi wa bwawa la Lugoda, kwenye mto Ndembera wilayani Mufindi, una nia njema: kuweka maji ya masika ili kiangazi yafunguliwe yateremke hadi ardhioevu ya Ihefu. Lakini bwawa la namna hiyo halikosi kuombwa pia umeme na umwagiliaji. Ng'ombe mmoja, wenye vibuyu watatu. Mwaka wa ukame nani atakamua kwanza? Sheria ya maji ya 2009 inataka iwepo akiba kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe. Basi akiba hiyo iandikwe kwa mita za ujazo kwa sekunde, mwezi kwa mwezi, siyo kwa maneno ya heshima.

Ninachodai ni karatasi moja tu. Iwe na miezi 12, maji ya mto kabla ya bwawa na baada ya bwawa, katika mwaka wa kawaida na katika mwaka wa ukame. Iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya kila kijiji kilicho chini ya mto, miezi sita kabla ya tingatinga la kwanza kuwasili. Nami nitakwenda na miwani yangu, nitaanza kusoma kwenye mstari wa Oktoba.