Nyama ya Baba, Nyama ya Mtoto

Bwana mmoja mnene atuuliza: akiacha bugali, akala nyama, samaki na mayai tu, atapungua? Ndiyo, Bwana, kwa muda. Vyakula hivyo vina protini nyingi: hushibisha, njaa hukawia kurudi, na misuli haipungui sana pamoja na mafuta. Lakini akosaye mboga na matunda hufunga choo; na mwenye ugonjwa wa figo aweza kuziumiza zaidi, basi amwone mganga kwanza.

Jambo lingine latusumbua. Huku Kivu twaijua bwaki: miguu ya mtoto yavimba, nywele zageuka rangi. Aghalabu huwapata watoto walioachishwa ziwa, wanaolishwa karibu bugali ya muhogo peke yake. Baba akijitengea nyama yote ya nyumba ili apunguze tumbo, mama atamwekea mtoto nini katika sahani? Maharagi yana protini vilevile, na sambaza za ziwa pia. Jamaa yote yaweza kula pamoja, na Bwana apunguze kipimo cha bugali yake. Na bia, Bwana? Katika barua yako hukuitaja.