Watafiti Wetu, Rudini na Majibu

Dawa ya deni kulipa, na deni hili limelala mno. Kila kiangazi watafiti wa uchumi na mazingira wanashuka vijijini kwetu. Ni vijana safi, wana adabu, wanawaamkia wazee shikamoo. Mwenyekiti anawapa kiti, mama anaweka ungo chini. Wanauliza: unachoma magunia mangapi ya mkaa? Kuni unazifuata mwendo gani? Mvua ilipokosekana uliuza mbuzi wangapi? Kisha lile swali lao kubwa: mama, ungekuwa radhi kulipa shilingi ngapi ili msitu huu usikatwe? Mama anacheka, anautazama msitu aliozaliwa akaukuta, anataja elfu mbili ili mgeni asikose la kuandika. Jua limeshapanda na mboga haijachumwa. Anapewa mche wa sabuni, gari linawashwa, na ndiyo kwaheri ya kuonana.

Sisemi utafiti hauna faida. Kuuliza si ujinga. Asiyejua thamani yake na atazame Shinyanga. Nchi ile ilifyekwa miti tangu enzi za wakoloni katika vita dhidi ya mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, mifugo ikamalizia, likabaki vumbi. Lakini Wasukuma walikuwa na ngitili yao: kipande cha malisho kinafungwa masika, kinafunguliwa kwa ng'ombe kiangazi majani yakiadimika kwingine. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kwa hekima iliyo haba maofisini ikaifufua desturi ya wazee badala ya kuwafundisha waliyokwisha kuyajua. Miti ikarudi. Ndipo Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake wakahesabu kuni, malisho, asali, dawa na nyasi za kuezekea. Ripoti yao ya 2005 ikaonyesha kwamba faida ya ngitili ilifika kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, ilhali wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8 na nusu hivi. Nani tena atasema pori ni pori tu?

Hesabu ya namna hiyo ni ngao ya mnyonge. Mwekezaji akija na ramani yake, kijiji kinachojua msitu wake unaingiza nini hakilainishwi kwa ahadi ya zahanati. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Na madaftari mengine yote yako wapi? Yamefungiwa makabatini vyuoni, kwa Kiingereza ambacho hata mtendaji wa kata anakisoma kwa jasho. Mwenzetu kapata uzamivu wake, kapanda cheo. Mama bado na sabuni yake, nayo imekwisha. Dini zetu zote zinatukataza kumcheleweshea kibarua ujira wake. Ujira wa aliyejibu maswali ni majibu.

Nyinyi wa Mlimani, Sokoine, Nairobi na Makerere ni fahari yetu. Kuna wazee waliouza ng'ombe ili msome. Mcheza kwao hutunzwa. Mbona mnacheza ugenini tu?

Na hapa, msomaji, niruhusu nitoe jingine linalonikaa kooni: hizi semina za kuwasilisha matokeo. Hotelini, kiyoyozi kikivuma, watu ambao hawajawahi kubeba mzigo wa kuni wanajadili kuni. Mezani chupa za plastiki zimejipanga, na mada ni mazingira! Wanasaini mahudhurio, wanakula sambusa, na bahasha ikishapokewa viti vinabaki vitupu kabla ya maswali. Posho ya meza moja ingemlipia mtafiti nauli ya kurudi kijijini. Ugonjwa huu wa posho umeshuka hadi kwa viongozi wa vijiji, ambao siku hizi hawafungui kikao bila kuuliza "kuna chochote?" Aibu!

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Mtafiti aombe nafasi humo, aseme kwa Kiswahili alichokiona, abandike kurasa mbili kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Nanyi wenyeviti, kabla hamjagonga mhuri kwenye barua yake, mwulizeni tarehe ya kurudi, muiandike. Akija mwakani na dodoso jipya kabla hajaleta majibu ya lile la kwanza, apewe maji anywe, maana mgeni ni mgeni, lakini mhuri ubaki kwenye droo.