Thao Kumi kwa Gemu ya Magari: Unanunua ama Unakodi?

Wasee wa gemu, tuambiane ukweli. Switch 2 ya Nintendo ilitoka Juni 5, 2025, na Mario Kart World ikaja na bei ya dola 80. Piga hesabu: hiyo imepita thao kumi, na hujagusa konsoli yenyewe, ambayo ilianza na dola 450.

Lakini bei si ndio noma kubwa. Gemu zingine za Switch 2 zinauzwa kwa kadi haina gemu ndani. Ni ufunguo tu, gemu unapakua na bando yako. Mario Kart World yenyewe iko yote kwa kadi, hapo Nintendo wapewe haki yao.

Kwa nini ujali? Cheki Ridge Racer ya PSP, ya 2004. Ukiwa na diski na betri iko poa, unakata kona hadi leo bila kuomba ruhusa ya mtu. Sasa cheki Mario Kart 7 ya 3DS. Duka la mtandaoni lilifungwa Machi 2023, seva zikazimwa Aprili 2024. Mwenye kadi bado anakimbiza magari na mabeshte wakiwa hapo karibu, lakini mbio za mtandaoni ziliisha hivyo.

Kwa hivyo kabla utoe ganji, jiulize: siku seva zikizimwa, nabaki na nini? Kadi iko na gemu yote unaweza kopesha beshte ama uuze. Ya ufunguo, kama hukuwa umepakua gemu, itabaki plastiki.