Mabingwa na Wasiokuwepo

Toleo hili tumelitenga kwa mchezo ambao wasomaji wetu wengi hawajapata kuuona: bandi. Ni timu mbili za wachezaji 11, uwanja wa barafu unaokaribia ukubwa wa uwanja wa soka, na dakika 90 za kuteleza na kuupiga mpira mdogo kwa fimbo iliyopinda. Mlinda mlango peke yake hana fimbo. Yeye hudaka kwa mikono.

Mtu atauliza, ya nini kuhangaika na ubingwa wa dunia uliotwaliwa na Wasovieti na warithi wao Warusi, Sweden, na mara moja tu Finland, mwaka 2004? Jibu letu ni kwamba udogo wa mashindano haya ndio faida yake. Penye timu chache, asiyekuja huonekana.

Yalianza Helsinki mwaka 1957 kwa timu tatu: Umoja wa Kisovieti, Finland na Sweden. Norway, mmoja wa waasisi wanne wa shirikisho la mchezo huo la mwaka 1955, ilibaki nyumbani kwa sababu majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameivamia Hungaria mwaka uliotangulia. Wasovieti walitwaa kombe, wakaendelea kulitwaa hadi kufikisha mara 11 mfululizo. Sweden iliwavua taji mwaka 1981, tena huko huko kwao, Khabarovsk.

Mwaka 2014 mjini Irkutsk iliingia timu ya Somalia, vijana waliokimbilia Sweden na kuishi katika mji wa Borlänge. Walikuwa wamejifunza kuteleza kwa muda usiofika mwaka. Walifungwa mechi zote, na wapo waliowaona kama kichekesho. Sisi tunaona vingine: mashindano yanayojiita ya dunia yalipata siku hiyo sababu moja zaidi ya kustahili jina hilo.

Kisha mlango ukafungwa upande mwingine. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, ilizuiwa kushiriki. Mwaka uliofuata Sweden ikawa bingwa, huku Urusi, bingwa mtetezi aliyeshinda mwaka 2019, ikiwa nje. Hatusemi uamuzi ule ulikuwa wa makosa. Vita havisimami kwenye lango la uwanja. Tunachosema ni kwamba taji la 2023 halina uzito ule ule wa la 1981, na mwandishi wa michezo anayeyaandika yote mawili kwa mstari mmoja anamdanganya msomaji.

Kwa hiyo tunawaomba wanaotunza kumbukumbu za michezo, iwe bandi, riadha au soka letu wenyewe: kando ya jina la kila bingwa, andikeni nani hakuwepo na kwa nini.