Mstari Ukishuka Si Mlima: Tuwafundishe Watoto Kusoma Grafu



Muhula uliopita sisi mafrateri wanne tunaosoma falsafa tulipangiwa utume katika kigango kimoja wilayani Chamwino. Kila Jumatano mchana tulikwenda kufundisha kipindi cha dini katika shule ya msingi iliyo jirani na kanisa. Wiki ya tatu mwalimu wa Hisabati alituomba tumsaidie mada ya takwimu katika Darasa la Tano, lenye watoto zaidi ya themanini. Tulikubali bila kufikiri sana. Tulidhani grafu ni jambo jepesi: unachora mistari miwili, unapanga namba, unaunganisha nukta, kazi imekwisha.

Tulichora ubaoni grafu ya mvua ya Dodoma mwezi kwa mwezi. Mkoa wetu hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo mstari wetu ulikuwa juu mwanzoni mwa mwaka, ukaporomoka Aprili, ukalala chini kabisa Juni hadi Septemba, kisha ukaanza kuinuka Novemba. Tukauliza: kuanzia Aprili kwenda Juni, kunatokea nini? Mtoto mmoja wa dawati la mbele akasimama, akajibu kwa uhakika: "Frateri, mtu anashuka mlimani."

Hakuna aliyecheka. Tulipouliza wangapi wanakubaliana naye, mikono iliyonyooshwa ilizidi nusu ya darasa. Na ukitazama vizuri, mtoto hakujibu ovyo. Mstari ule ulifanana kweli na mteremko, na ukisimama kwenye uwanja wa shule ile vilima unaviona kwa macho. Alisoma mchoro kama picha kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mstari huu si umbo la kitu, bali ni habari ya kiasi kinachobadilika.

Kilichotushangaza zaidi kilikuja baadaye. Tuliwapa jedwali la namba, tukawaambia wachore wenyewe. Walichora vizuri kuliko sisi! Rula zilinyooka, nafasi zilikuwa sawa, kichwa cha habari kimeandikwa kwa herufi kubwa. Watoto hawa wanajua kuchora grafu. Hawajui inasema nini. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kasoro katika ufundishaji wa mada hii: tunapima mkono, hatupimi jicho. Mtihani unauliza "mwezi gani ulikuwa na mvua nyingi zaidi", mtoto anatafuta nukta iliyo juu kuliko zote, anapata alama yake, na hatuulizi tena.

Sisi wanafalsafa (kama tunaruhusiwa kujiita hivyo kabla ya mitihani ya Juni) tumefundishwa na Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba ujuzi wa mwanadamu huanzia katika hisi. Hatukuwa tumewaza kwamba fundisho hilo lingetufaa katika Darasa la Tano. Jumatano iliyofuata tuliacha ubao. Tulitoka nje, tukachora mstari mrefu kwenye udongo, tukaandika majina ya miezi, na kila mtoto akapewa vizibo vya soda aweke kizibo kimoja kwa kila milimita kumi za mvua. Januari ilijaa vizibo. Ilipofika Julai, mtoto aliyesimama pale alibaki na mikono mitupu, akauliza aweke nini. Tukamwambia: usiweke kitu. Yule wa mlimani akasema, "Kumbe hapa ndipo tunaponunua maji." Kuanzia hapo hatukuwa na la kufundisha kwa muda, wao ndio waliotueleza ni mwezi gani shamba linasafishwa, lini uwele unapandwa, na kwa nini mvua ikikatika Februari nyumbani hakukaliki.

Inafaa kukumbuka kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kuchora mabadiliko ya kiasi kwa umbo alikuwa mtu wa Kanisa. Nicole Oresme, aliyekuja kuwa askofu wa Lisieux huko Ufaransa mwaka 1377, alichora jinsi mwendo unavyoongezeka na kupungua, karibu miaka mia tatu kabla ya Descartes kuchapisha jiometria yake mwaka 1637. Grafu ya mihimili ya kulinganisha biashara za nchi ilikuja baadaye sana, kwa William Playfair wa Uskoti, mwaka 1786. Akili kubwa zilichukua karne nyingi kufika hapo. Basi tusimkasirikie mtoto wa miaka kumi na moja ambaye hakuelewa kwa dakika arobaini.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya anasa. Darasa lina watoto themanini, karatasi za grafu hakuna, mwalimu ni mmoja, na bado kuna watoto wanaohangaika na kusoma kwenyewe. Hoja hii ina uzito, na sisi tunaoingia darasani mara moja kwa wiki na kuondoka hatuna haki ya kumhubiria mwalimu anayebaki. Lakini udongo upo, vizibo vipo, na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza umahiri, yaani mtoto aweze kufanya jambo, si kulikariri tu.

Tena si anasa. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto mchanga. Ndani yake mna grafu: miezi kwa chini, kilo kwa pembeni, na nukta inayowekwa kila mama anapompeleka mtoto kupimwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Pale kigangoni mama mmoja alituonyesha kadi ya mwanawe akitaka tumsomee tarehe ya kurudi. Nukta tatu za mwisho zilikuwa zimelala sambamba. Mtoto hakuwa ameongezeka uzito kwa miezi mitatu, na mama alikuwa akiibeba habari hiyo kwenye mkoba wake bila kujua. Alikuwa amemaliza Darasa la Saba. Tulimsindikiza zahanati siku ileile.

Nasi pia tulijifunza kwa aibu. Paroko alituomba tubandike mlangoni mwa kanisa grafu ya zaka za jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya moja ilikuwa imetoa shilingi 412,000, nyingine 436,000. Ili karatasi itoshe tulianzia namba za pembeni kwenye 400,000. Mhimili wa jumuiya ya pili ukawa mrefu mara tatu ya ule wa kwanza. Jumapili baada ya Misa bibi mmoja alitusubiri nje. "Wanangu," alisema, "hivi sisi ni wavivu mara tatu?" Hatukuwa tumedanganya katika namba hata moja, lakini macho ya waamini yalidanganyika. Tuliibandua, tukachora nyingine inayoanzia sifuri. Mihimili ikakaribia kulingana, na maneno yakaisha.

Darasa la Tano tuliwaletea grafu zote mbili. Tukawaletea pia ya sensa: Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, na 3,085,625 mwaka 2022. Tuliuliza kwa nini mhimili wa pili ni mrefu hivyo. Karibu wote walijibu kwa pamoja kwamba serikali imehamia. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Lakini Frateri, na watoto wamezaliwa. Grafu haijasema ni kipi." Katika semina zetu za mantiki tumetumia wiki nzima kujifunza kwamba jambo kufuatana na jingine si kusema limesababishwa nalo. Yeye alifika hapo kwa mhimili miwili na kipande cha chaki.

Tulipoaga tuliwaachia chupa ya maji iliyokatwa juu, yenye alama za milimita tulizoziweka kwa rula, imefungwa kwenye mti wa uani mbali na paa. Mwalimu ameteua watoto wawili wa kuisoma kila asubuhi mvua zitakapoanza. Mmoja wao ni yule wa mlimani.