Mkongwe Asiyefunga: Kipimo cha Thabeet na Battier

Timu ya mpira wa kikapu ya Segerea, Kinondoni au Temeke inapofikiria kumchukua mchezaji mkongwe aliyeshuka kiwango, swali la kwanza huwa idadi ya pointi anazofunga. Kipimo hicho hakitoshi, na mfano wake unamgusa mzaliwa wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet.

Mwaka 2009 Thabeet, aliyesoma Makongo, alikuwa mchezaji wa 2 kuteuliwa kuingia NBA, ligi kuu ya Marekani, na alichukuliwa na Memphis Grizzlies. Februari 2011 Memphis ilimtoa kwa Houston Rockets ili kumrejesha Shane Battier, mwenye umri wa miaka 32, ambaye wastani wake haukufika pointi 10 kwa mchezo. Kwa takwimu pekee, bei hiyo ilikuwa kubwa. Hata hivyo, Rudy Gay alikuwa ameumia bega, na Memphis ilihitaji mtu wa kuzuia nafasi yake, si mfungaji. Aprili 17, 2011, mtupo wa pointi 3 wa Battier uliiwezesha kuifunga San Antonio Spurs 101-98, ushindi wake wa kwanza katika hatua ya mtoano.

Upande wa pili hauna furaha hiyo. Thabeet alicheza michezo michache sana Houston, na Machi 2012 akapelekwa Portland, safari hii ili apatikane mkongwe mwingine, Marcus Camby. Timu isiyoweza kutaja pengo analokuja kuliziba mkongwe haina sababu ya kumpa dakika za kijana.