Mama Atim Alivuka Mpaka

Eti kitabu daima kinashinda filamu. Wengi wanaoimba hivyo kuhusu Rafiki (2018) hawajaisoma "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko, hadithi fupi iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Wacheni hizo! Katika hadithi, Anyango anamwandikia Sanyu, na Sanyu hapati nafasi ya kujibu. Wanuri Kahiu aliihamisha kutoka Kampala hadi Nairobi, akampa mpenzi yule sura, sauti na nywele za rangi. Huko si kuharibu, ni kuijibu barua. Hata Mama Atim, jirani mwenye mdomo, alivuka mpaka na jina lake.

Filamu ikapigwa marufuku. Mahakama ikatupa siku 7 tu. Hadithi haikuguswa. Unajua mbona? Wakubwa wanajua hatusomi. Isome, uwaaibishe.